Mtemi Ana Mafua

Jua lilikuwa linazama upande wa Puge, Kabula alipojitwisha sinia la ugali na kuku, akaenda kumpelekea kaka yake marehemu.

Ndiyo, marehemu. Mtemi Luhende alikuwa na siku tatu tangu afe, ila ukoo wao hausemi hivyo. Mtemi "ana mafua" mpaka mrithi avishwe kibangwa, lile duara la kombe jeupe la kwenye paji la uso. Kulia marufuku. Kila magharibi dada mtu anaweka chakula mlangoni pa mtemi, anaondoka bila kutamka neno.

Siku hizi utemi ni heshima tu. Lakini mrithi alikuwa Shigela, mwana pekee wa Kabula, mwalimu kule Kaliua, na mama wa watu alikuwa hali halali. Mzee Yoramu, mtunza vifaa vya utemi, alishamwonya: marehemu asijue anarithiwa na nani, maana atamfuata.

Akaweka sinia chini. Akageuka.

Kho... kho...

Kikohozi. Ndani.

Harufu ya ugoro wa Luhende ikamjia puani.

"Kabula," sauti ikanong'ona. "Kiti changu anakikalia nani?"

Jamani, miaka sitini mtu umelelewa kwamba Luhende akiuliza, unapiga magoti na kujibu! Magoti yalitangulia, mdomo ukafuata.

"Shigela, mtemi."

Halafu, polepole, sinia likaburutwa kuingia ndani.

Kabula alikimbia kandambili mkononi mpaka kwa Mzee Yoramu, akamweleza yote, akamsihi sherehe iahirishwe. Mzee hakumgombeza. Alisema tu kwamba maji yakishamwagika hayazoleki, na watu walikwisha kualikwa.

Kesho yake, mchana kweupe, Shigela akavishwa. Ngoma zikalia, na sasa ruhusa ya kuomboleza ikatoka. Wanawake wakaangua kilio. Kabula akamwangukia mwanawe miguuni, akalia kwa hofu zaidi kuliko kwa msiba.

Shigela akainama, akamshika kidevu.

"Nyamaza, mdogo wangu," akasema taratibu.

Wazee wakapiga makofi ya heshima. Mzee Yoramu peke yake alitazama chini.

Kabula akamkazia Shigela macho, akimtafuta mwanawe mle ndani. Asubuhi ileile, akinywa uji, alikuwa bado anamwita mama.