Sifuri ya Mwaka wa Kwanza

Muuguzi wa wodi namba tatu alikuwa na jozi mbili za viatu kwenye mkoba wake. Vyeupe vilikuwa vya wodini. Vyeusi vilikuwa vya chuoni. Alivibadilisha kwenye choo cha chuo, amesimama kwa mguu mmoja, ameshika ukuta. Alifanya hivyo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Zamu yake iliisha saa tisa alasiri. Kipindi kilianza saa kumi na moja. Muda ulikuwepo wa kutosha, lakini yeye alifika akihema kila siku, kama mtu anayefukuzwa.

Alikuwa anasoma shahada ya uzamili ya biashara, upande wa fedha. Darasani mtu aliitwa kwa kazi aliyotoka nayo. Muuguzi aliitwa Sista. Karani wa benki aliitwa Benki. Mhandisi wa barabara aliitwa Lami, naye aliitikia kwa fahari kana kwamba amerithi jina la babu yake. Hao watatu walipangwa kundi moja.

Siku ya kwanza ya kundi, Lami alisimama akasugua viganja.

"Jamani, kidole kimoja hakivunji chawa. Tugawane. Benki apige hesabu. Mimi nitachora grafu. Sista aandike utangulizi, maana mwandiko wa manesi unasomeka. Wa madaktari ndio wanaujua wao na Mungu wao."

Wote walicheka. Sista alicheka kuliko wote. Alikuwa anaziogopa hesabu zile, na sasa ametuliwa mzigo.

Wakafanya kazi ya kwanza. Wakapata sabini na nane. Ya pili, themanini na moja. Ya tatu, themanini na nne. Matroni wa hospitali alimpongeza Sista mbele ya wenzake. Hospitali ndiyo iliyokuwa inamlipia ada, kwa sharti moja. Akifeli somo hata moja, ufadhili unakatika na nafasi anapewa mwingine.

Kwa alama hizo, mtu angetulia. Sista hakutulia.

"Mama Pacha, hebu kaa," mumewe alimwambia Jumapili moja. Mumewe alikuwa fundi wa friji, mtu asiye na haraka. "Chai umeipasha, imepoa. Umeipasha tena, inapoa tena. Mimi kazi yangu ni kupoza vitu, lakini wewe umenishinda."

"Si nimekaa?"

"Umekaa, ila miguu inatembea."

Pacha wao wa miaka tisa walikuwa wanasoma karatasi ya alama kwa zamu.

"Mama, themanini na nne!" alisema mmoja. "Sisi tukipata hivyo tunaruka mpaka darini."

"Kwa nini wewe huruki?" aliuliza wa pili.

Sista akainuka, akaenda kupasha chai mara ya tatu. Angewaambiaje watoto kwamba katika alama zile themanini na nne, hesabu hata moja haikuwa yake? Aliona haya. Alijiona kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima, na mwenye nguo yuko njiani.

Mwenye nguo alifika Jumatano. Mhadhiri wao alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini. Aliingia na kopo tupu la chaki.

"Kazi ya nne," alisema. "Kuna zahanati inataka kununua mashine ya eksirei. Mtaniambia inunue au isinunue. Safari hii hamtaniletea karatasi tu. Mtasimama mbele. Kila mtu ataokota kikaratasi humu ndani ya kopo. Akiokota utangulizi, ataeleza utangulizi. Akiokota hesabu, atapiga hesabu ubaoni. Akiokota mapendekezo, hayo hayo. Kila mtu atapata alama zake mwenyewe, na ni nusu ya alama za somo."

Baada ya kipindi walisimama kwenye korido.

"Msihangaike," Benki alisema, lakini jicho lake lilikuwa sakafuni. "Nitapiga hesabu zote. Mtoe nakala, mkariri."

Nje ya lango la chuo kulikuwa na kibanda cha kutoa nakala. Kilikuwa na mashine tatu, na mojawapo ilikuwa wazi tumbo siku zote. Mwenyewe aliitwa Mama Fotokopi. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Ijumaa Sista alimpa utangulizi wake pamoja na karatasi mbili za hesabu za Benki.

Mama Fotokopi alivaa miwani. "Hii kazi ya nani?"

"Ya kundi letu, mama."

"Yako iko wapi?"

Sista akamwonyesha ukurasa wa kwanza. "Huu utangulizi."

"Na ile ya mwezi uliopita, niliyoifunga kwa jalada la bluu?"

"Utangulizi."

"Na ya kabla yake?"

Sista alikuwa anakunja na kukunjua mkanda wa mkoba.

"Mwanangu," alisema Mama Fotokopi, "mwaka wa kumi na nne huu nafunga kazi za watu hapa. Kundi likigawana kazi kwa kile ambacho kila mtu anakijua tayari, kila mtu anaondoka na alichokuja nacho. Aliyekuja karani anatoka karani. Aliyekuja nesi anatoka nesi. Tofauti ni joho la siku ya mahafali, nalo wanalirudisha."

"Sasa nifanyeje? Nikiwaambia sijui, watanionaje? Mtu mzima mimi."

"Mficha uchi hazai. Wewe nesi, hilo si ndilo mnalowaambia wagonjwa?"

Sista akacheka bila kupenda.

"Unaona benchi lile?" Mama Fotokopi aliendelea. "Kulikuwa na kundi likikaa pale kila Jumamosi. Lilikuwa na sheria moja. Asiyejua ndiye anashika kalamu. Anayejua anakalia mikono yake. Anaruhusiwa kusema, haruhusiwi kugusa."

"Kwa nini akalie mikono?"

"Kwa sababu anayejua hana subira. Akiona umekosea, anakunyang'anya kalamu. Ukinyang'anywa kalamu, umenyang'anywa somo. Nenda. Na hizi nakala sikutolei. Biashara yangu itakufa, lakini sikutolei."

Jumamosi asubuhi watatu walikutana kwenye darasa tupu. Sista hakukaa. Alizunguka kati ya madawati, akafungua dirisha, akalifunga.

"Jamani, nina neno," alisema mwishowe. "Mimi hesabu hizi sizijui. Hata moja. Tangu siku ya kwanza."

Lami akavuta kiti karibu.

"Hata mimi," alisema Lami. "Grafu zile nachora tu namba alizonipa Benki. Zikipanda, napanda nazo. Zikishuka, nashuka nazo."

Wote wakamgeukia Benki. Alikuwa ameshika kikokotoo chake kwa mikono miwili.

"Mimi najua kubonyeza," alisema taratibu. "Ukiniuliza kwa nini nabonyeza, sijui. Miaka kumi na miwili niko dirishani. Nahesabu noti za watu. Nyumbani wananiita mtaalamu wa fedha, nami nimenyamaza. Na insha siwezi. Ndiyo maana nilifurahi Sista alipopewa utangulizi."

"Kumbe!" Lami akapiga paja. "Vipofu watatu, na fimbo yenyewe ya kuazima!"

Walicheka hadi machozi yakawatoka. Kisha Sista akawaeleza sheria ya benchi. Benki aliweka viganja vyake chini ya mapaja. Sista akashika kalamu.

"Mhadhiri amesema fedha ya zahanati inaweza kuzaa faida ya robo kila mwaka," Benki alianza. "Ukiwa na themanini leo, mwakani ni ngapi?"

"Robo ya themanini ni ishirini. Mwakani ni mia."

"Basi mtu akikuahidi mia mwakani, ahadi hiyo leo ina thamani gani?"

Sista alifikiri. "Themanini."

"Sawa. Na akikuahidi mia mwaka wa pili?"

Kalamu ikasimama. Bega la Benki likasogea. Kiganja kikaanza kuchungulia.

"Kalia!" Lami akafoka.

Kiganja kikarudi. Sista aliitazama karatasi. Kutoka mia kwenda themanini, imeondoka sehemu moja ya tano. Kutoka themanini, iondoke tena sehemu moja ya tano. Hiyo ni kumi na sita.

"Sitini na nne," alisema.

Benki akashtuka. "Umejuaje bila kikokotoo?"

"Ni dawa hii!"

"Dawa gani tena?"

"Kuna dawa ukimchoma mgonjwa, mwili unaanza kuitoa. Tuseme kila saa unatoa sehemu moja ya tano. Si ya ile uliyomchoma mwanzo. Ni ya ile iliyobaki. Kwanza mia, halafu themanini, halafu sitini na nne, halafu hamsini na moja na ushee. Ndiyo maana tunarudia sindano. Nimefanya hesabu hii miaka tisa, nikidhani ni ya wodini tu!"

Benki aliinamia karatasi. "Kwa hiyo fedha ya mbele inapungua thamani kwa sababu ya kusubiri. Kusubiri ndiko kunakokula."

"Ndiko kunakokula."

"Miaka kumi na miwili," alisema Benki, "na leo ndiyo nimeelewa."

Wakaendelea. Mashine ya eksirei iliuzwa milioni mia na hamsini. Ingeingiza milioni mia kila mwaka kwa miaka mitatu. Mkataba wa matengenezo ulikuwa wa miaka mitatu, kuanzia siku ya kununua. Baada ya hapo mashine ingehesabiwa imekwisha. Sista aliandika: themanini, sitini na nne, hamsini na moja. Akajumlisha. Mia moja tisini na tano.

"Ni zaidi ya mia na hamsini," alisema Lami. "Wanunue. Twendeni tukale."

Sista alikuwa ameshainuka. Alikuwa anatembea tena kati ya madawati.

"Sasa nini, Sista? Jibu si limepatikana?"

"Hii mia ya mwaka wa kwanza inatoka wapi?"

"Kwa wagonjwa," alisema Benki.

"Wagonjwa gani? Zahanati haina chumba cha eksirei. Tumeambiwa kwenye swali. Chumba kile kuta zake ni maalumu. Lazima kijengwe, kikaguliwe. Lazima mtu afundishwe kuitumia mashine. Kwetu ilikaa ndani ya sanduku miezi kumi na mmoja. Wanaume wa stoo walikuwa wanaikalia wakinywa chai."

Lami akakuna kidevu. "Kujenga, kukagua, kuingiza umeme wake. Mwaka huo umekwisha. Sista hajakosea."

Kwenye karatasi zake Benki alikuwa ameandika mia mwaka wa kwanza kwa sababu vitabu vyote vinaandika hivyo.

Sista akarudi mezani. Akaikata themanini kwa mstari mmoja. Mahali pake akaandika sifuri. Akajumlisha upya. Sitini na nne na hamsini na moja ni mia moja kumi na tano.

"Pungufu," alisema. "Wakinunua leo, wanapata hasara. Wajenge chumba kwanza. Wafundishe mtu kwanza. Mashine walipie siku chumba kikiwa tayari, ili mkataba usianze kuhesabu wakati mashine iko sandukuni."

Siku ya kopo ikafika. Sista hakuwa amepata lepe la usingizi. Benki aliokota utangulizi, akasoma kwa sauti ya kukwama, lakini maneno yalikuwa yake. Lami aliokota mapendekezo. Kikaratasi kilichobaki hakikuhitaji kufunguliwa.

Sista alikwenda ubaoni. Chaki ikamvunjikia mara mbili. Aliandika, akaeleza, akafuta, akaandika. Alipofika kwenye sifuri, Mhadhiri akainua mkono.

"Simama hapo. Makundi mengine yote yameandika themanini. Sifuri hii mmeitoa kitabu gani?"

"Haipo kitabuni, mwalimu," alisema Sista. "Eksirei ya hospitali yetu ilikaa sandukuni miezi kumi na mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa nikilipangusa vumbi sanduku lake."

Darasa lilicheka. Mhadhiri hakucheka. Aliandika kwenye daftari lake kwa muda mrefu, na Sista akabaki amesimama, chaki mkononi.

Alama zilibandikwa Ijumaa. Sista alipata sabini na moja. Alikuwa amefaulu, na ufadhili ulibaki. Alikimbia nyumbani na viatu vyeusi mkononi.

"Zimeshuka," alisema mmoja wa pacha, akiangalia karatasi.

"Zimeshuka," alisema Sista, kisha akaruka, mtu mzima, mpaka vikombe vikalia mezani. Fundi wa friji alimtazama mkewe, akaisogeza chai pembeni isimwagike.

Kundi lile halikugawana tena kazi kwa utaalamu. Kila Jumamosi mwenye kujua alikalia mikono yake. Benki aliandika. Lami alipiga hesabu. Wiki ya tatu makundi mengine mawili yalikuja kuuliza sheria hiyo ikoje.

Jumatatu moja Matroni alimwita Sista. Hospitali ilikuwa inafikiria kununua mashine ya pili, na alitaka kuiona kazi ile aliyosikia habari zake. Sista akaipeleka kwenye kibanda nje ya lango ikafungwe vizuri.

Mama Fotokopi alivaa miwani. Alipekua kurasa polepole, kama kawaida yake.

"Yako iko wapi?"

Sista alifungua ukurasa wa sita. Akaweka kidole kwenye mwaka wa kwanza.

Mama Fotokopi akainama, akatazama, akamtazama Sista.

"Sifuri?"

"Sifuri, mama. Hiyo ni yangu."