Gari Lililokataa Kuzima

Kila Ijumaa asubuhi, Milka Ajwang huondoka mtaa wa Migosi, Kisumu, na kwenda kijijini Katito kumchukua mama mkwe wake, Apiyo. Mama Apiyo ana sukari, na mguu wake una kidonda. Kidonda hicho lazima kioshwe hospitalini Kisumu kila wiki, la sivyo mguu utakatwa. Mguu haukunjiki, kwa hiyo matatu haimfai. Gari ndilo mguu wake.

Gari hilo la dizeli lilikuwa la Oketch, mume wa Milka. Oketch alizikwa mwezi wa pili. Alipokuwa hai, kila alipofika langoni alipiga mluzi mmoja mrefu, mwembamba, unaopanda taratibu. Watoto walikimbia kumfungulia.

Mwezi wa nne, gari lenyewe lilianza kupiga mluzi.

Mwanzoni Milka alidhani ni masikio yake. Lakini kila alipokanyaga mafuta kupanda mlima, mluzi ulitoka pale mbele, mrefu, mwembamba, ukipanda. Akipunguza mwendo, unanyamaza.

"Unasikia?" Mama Apiyo alisema polepole kutoka kiti cha nyuma. "Mtoto wangu anaita."

"Ni upepo tu, Mama."

"Upepo ulimjua Oketch lini?"

Wiki zilipita. Gari likapoteza nguvu. Moshi wa buluu ukawa unalifuata nyuma. Oili ilipungua, na chini halikudondoka hata tone. Nani alikuwa akiinywa? Milka alinyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini wewe ungeenda gereji kusema kwamba marehemu anapiga mluzi ndani ya boneti?

Ijumaa moja, saa tatu asubuhi, Milka alifika Katito. Mama Apiyo alikuwa mlangoni na fimbo yake. Milka alizima gari, akachomoa ufunguo.

Injini haikuzima.

Alitazama ufunguo mkononi mwake. Injini ilinguruma bila yeye. Kisha ikapandisha sauti yenyewe, juu, juu zaidi, kana kwamba mguu wa mtu asiyeonekana unakanyaga mafuta. Moshi wa buluu ulijaa uani mpaka kaburi la Oketch, kando ya nyumba, halikuonekana. Mluzi ukachoma masikio. Milka aliruka nje.

"Oketch, wuoda!" Mama Apiyo alilia akimwita mwanawe. "Tosha! Mwache mke wako!"

Ng'ambo ya ua wa miti kulikuwa na kinu cha kusaga unga. Jasvir, fundi wa dizeli kutoka Kisumu, alikuwa huko akitengeneza mashine. Aliona moshi. Akapanda juu ya debe, akachungulia.

"Gia ni ya mkono?" alipaza sauti.

"Ndiyo!"

"Rudi ndani! Kanyaga breki na klachi! Weka gia ya tano, halafu achia klachi ghafla!"

"Kuna mtu humo!"

"Hakuna mtu! Mimi nikizunguka hadi kwa geti, injini itapasuka!"

Milka aliogopa, tena sana. Akautazama mguu wa Mama Apiyo, umefungwa bandeji. Akaingia. Akakanyaga breki na klachi kwa nguvu zote, akaweka gia ya tano, akaachia klachi ghafla. Gari likatikisika mara mbili. Kisha kimya.

"Liache hapa," Mama Apiyo alisema. "Lioze karibu naye. Ndilo analotaka."

"Na mguu wako, Mama?"

Mama Apiyo aliitazama bandeji yake.

Jasvir alifika akihema, mikono imejaa grisi. Aliwasalimu kwa Kidholuo kilichonyooka kuliko cha watoto wa Milimani, mtaa wa matajiri. Akasubiri injini ipoe, akafungua mpira mmoja mnene unaopitisha hewa hadi kwenye injini na kuingiza kidole. Kilitoka kikichuruzika oili. Ndani kulikuwa na feni ndogo. Aliishika. Ikacheza kama jino bovu.

"Hii ndio turbo," alisema. "Moshi ya injini inazungusha feni, feni inasukumia injini hewa. Inazunguka mbio sana, na inaishi kwa oili. Hii imelegea. Sasa inasugua ukuta, inalia. Mluzi yenu ni hiyo. Na oili inapita hapa, inaingia kwa injini."

"Lakini nilichomoa ufunguo!"

"Ufunguo inafunga dizeli peke yake. Injini ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe. Ingekunywa hadi ijiue."

Mama Apiyo alisogea na fimbo yake. "Kwa hivyo si Oketch?"

"Si yeye, Dani," Jasvir alisema, akimwita nyanya kwa heshima. "Oili ilibadilishwa lini?"

"Kabla ya mazishi," Milka alisema kwa aibu.

"Na ukifika nyumbani, unazimaje?"

"Nafika, nazima."

"Hapo ndio shida. Ukitoka safari, turbo bado ni moto. Ukizima ghafla, oili inasimama, inaungulia ndani kama mafuta kwa sufuria ya samaki. Kwanza acha injini ingurume polepole dakika mbili. Ndio uzime."

Dakika mbili. Milka aliketi kwenye nyasi.

Kila jioni Oketch alikuwa akifika, anakaa ndani ya gari, injini ikinguruma, chakula kikipoa mezani. Milka aliona kwamba mume wake hana haraka ya kuingia kwake. Siku moja alimgombeza: "Unaongea na nani humo?" Oketch alicheka tu, hakueleza. Naye hakuuliza tena. Sasa alimsimulia Mama Apiyo huku akilia, na kilichomliza ni ugomvi ule.

Jasvir aliwapeleka hospitalini kwa pikapu yake. "Hiyo gari msiiwashe tena," alionya. Likavutwa hadi gereji. Huko aliweka turbo nyingine. Akabadilisha oili na chujio, akasafisha bomba linalopeleka oili kwenye turbo, akamwaga oili yote iliyobaki ndani ya mipira ya hewa.

"Turbo mpya na bomba chafu," alimwambia Milka, "ni kuoga halafu kuvaa nguo ya jana."

Ijumaa iliyofuata walirudi Katito kutoka hospitalini. Nesi alisema kidonda kimeanza kufunga. Njia nzima gari lilipanda milima bila moshi, bila mluzi. Milka aliegesha karibu na kaburi. Hakuzima.

"Mbona hatushuki?" Mama Apiyo aliuliza.

"Dakika mbili, Mama."

Injini ilinguruma polepole. Milka alisikiliza, akajikuta anautamani ule mluzi uliomtisha miezi yote. Mama Apiyo aliinua mkono, akaushika mgongo wa kiti cha dereva.

"Alikuwa anakaa hivi?"

"Hivi hivi."

"Basi tukae."

Walikaa. Dakika mbili zilipokwisha, Milka alizungusha ufunguo. Injini ikazima papo hapo, na ua wote ukawa kimya.