Mrija wa Dionizi

Kwa jina la Mungu aliyetenga nuru na giza, naanza. Habari hii nilipewa na rafiki yangu Dionizi, mzaliwa wa Muyinga, aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, na kuhamishiwa Louisville, Marekani.

Mwaka 2015, siku alipobatizwa binti yao mchanga Florida, waliyemsubiri kwa miaka mingi, Dionizi alimpeleka mkewe Agata, pamoja na mtoto, kula katika mgahawa wa watu wa Thailand uliokuwa msituni, kando ya bwawa. Karibu na meza yao palikuwa na kijumba cha mbao juu ya nguzo, ambacho watu wa Thailand humjengea mzimu wa mahali, na mbele yake chupa ya soda nyekundu yenye mrija aliyotolewa mzimu huyo.

Kwao Burundi, watu wanaokunywa kwa mirija katika chungu kimoja huhesabiana ndugu. Dionizi akainama, akavuta funda moja.

"Baba Florida, usiguse matoleo ya watu," Agata akamwonya.

"Namsalimu mwenye nyumba tu," akacheka. "Ndugu yangu, nimekunywa kwako. Nawe uje unywe kwangu."

Jua lilipozama, umeme ukakatika. Vyura wa bwawani wakanyamaza wote. Gizani ikasikika sauti ya kunyonya, taratibu, kisha kwa pupa.

"Umeniwekea mtoto mapajani bila kunieleza," Agata akasema. "Ananyonya kwa nguvu mno, ananiuma."

Florida alikuwa amelala begani kwa Dionizi tangu taa zilipozimika.

"Mama Florida," akasema, "mtoto ninaye mimi."

Sauti ya kunyonya haikukoma.

Mungu awabariki ninyi mliosikiliza, na awalinde wachanga wenu.