Joho Jekundu la Jemadari Kimondo

Mikono yao iligusana ndani ya sanduku la sanamu kuukuu, na hakuna aliyekubali kuuondoa wake.

Ilikuwa Jumapili ya Machi, nje kidogo ya Cincinnati, kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea vya zamani. Nje theluji ya mwisho ilikuwa ikigeuka tope. Ndani ya ukumbi kulinuka kahawa, plastiki iliyozeeka na makoti yaliyolowa, na watu wazima wenye mvi walisukumana mezani kama watoto waliosikia kengele ya mapumziko.

"Samahani dada, nilimwona kwanza," alisema mwanamume. Aliitwa Glenn Tackett, mwalimu wa jiografia, mrefu, sweta lake la kijani limetoboka kiwiko.

"Wewe ulimwona. Mimi nimemshika."

"Umeshika mguu. Mimi nimeshika kichwa."

"Basi tumkate katikati?" aliuliza mwanamke, naye akainua uso.

Glenn aliachia hapohapo. Rhonda Niehaus alivaa koti la rangi ya haradali na hereni ndefu zilizocheza kila alipogeuza shingo, na miwani iliyomkaa kama alizaliwa nayo. Kazi yake ilikuwa kuwachagulia watu miwani dukani. Alikuwa na miaka hamsini kasoro kidogo, na alipocheka ilipungua hadi ishirini.

Walipopata kahawa na kiti, Rhonda alimtazama kama daktari anayetoa majibu mabaya. "Wewe ni mtu wa Radi."

"Tangu nikiwa mtoto. Na wewe?"

"Ngao."

"Ngao!" Glenn alitua kikombe. Walipokuwa wadogo, kampuni mbili zilipigania posho za watoto wa mji mzima, moja kwa Mashujaa wa Radi, nyingine kwa Kikosi cha Ngao, na kila mtoto alikuwa na upande wake. "Lakini watu wa Ngao wote walikuwa na mwili mmoja! Walibadilishiwa rangi tu, kama mageti."

"Ila walisimama. Wenu ukiwaminya miguu wanapiga ngumi, halafu wanaanguka kifudifudi. Shujaa gani anaanguka kabla ya adui?"

"Ile ngumi ndiyo raha yenyewe! Na zile nyuso? Kila mmoja na uso wake. Na joho la kitambaa, siyo plastiki."

"Joho lililochanika kabla Krismasi haijaisha. Ngao zangu mimi, ukizigeuza hivi unaona sura ya shujaa, ukizigeuza hivi unaona ishara yake."

"Karatasi ya kung'aa tu ile!"

"Ndiyo, karatasi ya kung'aa. Na mpaka leo napenda vinavyong'aa." Akatikisa hereni zake, na Glenn akasahau hoja iliyofuata.

"Sasa mtu wa Ngao unamtakia nini yule shujaa wa Radi sandukuni?"

"Adui lazima umjue," alijibu Rhonda, akatazama pembeni.

Siku hiyo walikula tambi zilizofunikwa mchuzi wa nyama na mlima wa jibini, wakachafua leso zote za mezani. Kuanzia hapo simu hazikupoa.

"Umeamkaje, Ngao wangu?"

"Nimeamka vizuri, we bwana wa kuanguka kifudifudi."

"Jana usiku nimepima magoti ya watu wako. Hayakunjiki."

"Shujaa hapigi magoti, mpenzi. Nenda kafundishe watoto wa watu."

Kwa Glenn mashujaa wote walikaa ndani ya kabati la vioo, wengine bado kwenye pakiti zao. Kwa Rhonda walisimama kwenye rafu juu ya sinki, vidole vyao vimekwanguka rangi. Jioni moja ya Mei, Glenn akikausha vyombo, alimwona mmoja aliyefichwa nyuma ya wenzake. Alikuwa Jemadari Kimondo, kiongozi wa Radi, mguu umelegea, na mgongoni amefungwa tambara jekundu lililoshonwa ovyo kwa uzi mnene.

"Ehee! Na huyu je?"

"Nilimwokota uani kwa mtu, walikuwa wanauza vitu vyao," Rhonda alijibu haraka mno. Baada ya utani wote ule, aliona haya kukiri kwamba katika rafu nzima huyo ndiye aliyempenda kuliko wote.

"Maskini, mguu umemwisha. Nipe nimtengeneze."

Rhonda alisita, kisha akampa.

Siku ya kuzaliwa ya Rhonda ilikuwa Juni. Glenn alimpeleka kwenye hoteli iliyo juu ya mto Ohio. Rhonda alivaa gauni la manjano lililoacha mabega wazi. Glenn alifunga tai, jambo lililowashangaza wote wawili. Kabla chakula hakijaletwa alisogeza kisanduku mezani, macho yanamng'aa.

Ndani alisimama Jemadari Kimondo, wima kabisa, na mgongoni joho la buluu lenye nyota ya dhahabu. Lilikuwa lenyewe, la kiwandani, ambalo wakusanyaji huzunguka nalo ndotoni.

Rhonda hakuligusa. "Lile jingine liko wapi?"

"Lipi?"

"Joho lake. Lile jekundu."

"Aa, lile tambara? Nililitupa. Rhonda, unajua nimelitafuta hili wapi na wapi? Sasa amekamilika!"

"Ulilitupa lini?"

"Wiki iliyopita. Kwani vipi?"

Rhonda alifunika kisanduku taratibu, kama mtu anayefunika uso wa marehemu. "Nirudishe nyumbani."

Kwenye gari Glenn alivumilia hadi daraja, kisha uchungu ukamtoka. "Yaani ni kwa sababu ni Radi? Hata zawadi huwezi kupokea kwa kuwa si ya upande wako?"

"Kweli unafikiri ni hilo?"

"Sasa ni nini? Niambie!"

Rhonda aligeuzia uso dirishani. Gari liliposimama aliteremka na gauni lake la manjano, na mlango wa nyumba ukafungwa.

Jambo ambalo hakuweza kulisema lilikuwa hili. Rhonda alikuwa na kaka, Vince. Nyumbani kwao walinunuliwa Ngao tu, kwa sababu ndizo mama aliziona zimeshushwa bei. Vince alimtamani Kimondo hadi akatoa glavu yake ya besiboli kwa rafiki ili ampate, na alipompata hakuwa na joho. Basi alikata bitana nyekundu ya jaketi la baba yake la boulingi, ule mchezo wa kuangusha pini kwa mpira mzito, akashona joho sakafuni jikoni, Rhonda amemshikia uzi. Baba alivaa lile jaketi mashindanoni, akaonyesha ukumbi mzima tundu la mgongoni, akacheka na wenzake. Vince alimpa dada yake yule shujaa alipoondoka kwenda chuo. Majira ya baridi yaliyofuata gari lake liliteleza kwenye barafu. Alizikwa akiwa na miaka kumi na tisa.

Glenn alipiga simu kesho yake, na keshokutwa, Rhonda asipokee. Baadaye naye kiburi kikamkaa, akanyamaza. Julai ikapita. Akawa anafungua kabati la vioo na kulifunga bila kugusa kitu.

Agosti, mama yake Rhonda aliamua kuhama ile nyumba ya siku zote kwenda kwenye ndogo isiyo na ngazi. Wakifunga sahani kwa magazeti, aliuliza, "Yule mwalimu wako yuko wapi? Ana mikono mirefu, angetufaa leo."

"Alitupa joho la Vince, mama."

Mama aliweka sahani chini. Akapangusa vidole vyake vilivyochafuka wino. "Alijua ni la Vince?"

Rhonda alivuta gazeti jingine.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia nilimwokota uani kwa mtu."

"Basi hilo ndilo alilotupa," mama alisema kwa sauti ya chini. "La uani kwa mtu."

Rhonda alitoka na simu hadi kwenye ngazi za nyuma.

"Glenn."

"Ndiyo. Nipo."

"Nilikudanganya." Akamweleza yote, bila kupumzika, akiogopa kuwa akisimama hataendelea.

Glenn alipozungumza, sauti yake ilikuwa imekauka. "Siwezi kulirudisha. Lori la taka lilishapita siku ileile."

"Najua."

"Na siwezi kukuletea lingine nikasema ni badala yake."

"Usithubutu."

"Nisamehe, Rhonda. Ningeuliza. Kitu cha mtu, kilichoshonwa kwa mkono, ningeuliza kwanza."

"Na mimi ningesema."

Kisha Glenn akauliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Rhonda aliketi kwenye ngazi. Kwa miaka yote hiyo watu walimpa pole na kubadilisha mazungumzo. Hata mume waliyeachana naye hakuwahi kuuliza. Alisimulia hadi simu ikamchoma sikio: jinsi Vince alivyopiga mluzi kupitia pengo la meno, jinsi alivyochoma mikate kila Jumamosi na kuapa kwamba ndivyo inavyotakiwa. "Na mchezoni mwake Radi na Ngao hawakupigana. Walikaa mtaa mmoja. Waliazimana sukari."

Glenn alicheka, na kicheko kikageuka kilio njiani.

Jumamosi alikuja na gari la kubebea mizigo. Mchana walipumzika kwenye nyasi uani, na Rhonda akaleta kutoka chumba cha chini ya nyumba boksi la viatu la sanamu za utotoni. Glenn alianza kuzipanga kwa mstari.

"Unafanya nini?"

"Nazipanga. Mimi nilikuwa peke yangu nyumbani. Sijui kucheza, nilikuwa napanga tu."

"Haiwezekani! Umekusanya maisha yako yote na hujui kucheza?" Akamtia mkononi sanamu moja ya zambarau. "Huyu ni mwovu. Haya, sema kitu kiovu."

Glenn alikohoa. "Mimi ni mwovu."

"Mungu wangu. Humtishi hata paka."

"Nimekuja kuuteka mji wako!"

"Afadhali. Na mji wangu unautakia nini?"

Glenn aliitazama ile sanamu, kisha akamtazama yeye, jasho na vumbi usoni, hereni hazipo, gazeti limemnata kwenye nywele. Akaacha sauti ya mchezo.

"Nataka kuishi humo. Na wewe. Mpaka tuzeeke."

Rhonda hakutikisika. "Anayesema hivyo ni mwovu au ni wewe?"

"Ni mimi. Mwovu ameishiwa maneno. Nioe, Rhonda. Yaani, nikuoe. Unaona nilivyochanganyikiwa."

Rhonda alicheka huku machozi yakimshuka, akamshika uso kwa mikono yake miwili yenye wino wa magazeti, ukaacha alama kwenye mashavu. Dirisha la jikoni likafunguliwa juu yao.

"Mkubalie basi!" mama alipaza sauti. "Kitanda changu bado hakijashushwa!"

"Nimemkubali, mama," Rhonda akajibu, bila kugeuka.