Maji ya Bibi Rozalia

Likizo ya mwezi wa sita ilipofika, Tecla hakupelekwa Biharamulo kwa shangazi yake kama alivyotarajia. Badala yake, kila asubuhi aliandamana na mama yake, Priscila, kushuka mteremko wa Ntobeye hadi nyumba ya wazee ya masista, ambako mama alikuwa mhudumu. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, na upepo wa kiangazi uliuma masikio. Mhudumu mmoja alikuwa amejifungua, kwa hiyo mikono ilipungua, na kazi ya kulea wazee haingoji mtu.

Palikuwa na kuogesha, kubadilisha shuka, kuwageuza wasioweza kujigeuza ili wasipate vidonda, kunywesha uji, kisha kuwatoa nje wakaote jua. Sista Marsiana, muuguzi wa nyumba ile, alimpa Tecla kazi moja tu. Awape maji wazee wa vyumba vitatu vya mwisho saa nne, saa saba na saa kumi. Kwenye kila mlango ilitundikwa karatasi. Mzee akimaliza kikombe, Tecla aweke alama ya vema.

"Asiyekunywa usimlazimishe, njoo uniambie," alisema Sista. "Mzee anaweza asihisi kiu huku mwili unakauka."

"Nimeelewa, Sista," alijibu Tecla. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa maoni yake hapakuwa na jambo duniani ambalo hakulielewa.

Chumba cha mwisho kabisa kilikuwa cha Bibi Rozalia, aliyeletwa kutoka Mugoma. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama bonde, na pazia lake halikutulia hata upepo ulipokoma. Jumatatu, saa nne, Tecla aliingia na kikombe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Tecla alimpa maji. Bibi Rozalia alikitazama kikombe, akamtazama Tecla, akangoja. Tecla naye akangoja. Mwishowe bibi alifumba midomo na kukisukuma kikombe taratibu. Saa saba ikawa hivyo hivyo, na saa kumi vilevile.

Hapo ndipo Tecla alipopaswa kwenda kwa Sista. Lakini angesemaje? Kwamba kazi moja aliyopewa imemshinda? Kila mara alimwaga maji dirishani na kuandika vema. Ilikuwa rahisi mno, na mambo ya aina hiyo ndiyo huponza watu.

Jumanne mchana alimkuta Bibi Rozalia amekaza macho mlangoni. Hakumtazama Tecla. Alitazama juu ya bega lake, kama mtu anayeona aliyesimama nyuma.

"Febronia," aliita kwa sauti nyembamba, "mbona umesimama hapo? Lete maji."

Tecla aligeuka. Hapakuwa na mtu. Ushoroba ulikuwa mweupe na mtupu hadi mwisho.

Jioni, njiani kurudi, alimwuliza mama yake Febronia ni nani.

"Alikuwa binti yake," mama alisema. "Alifariki zamani, akiwa msichana wa umri wako. Kwa nini?"

"Basi tu, mama."

Tangu siku ile Tecla hakuvuka tena kizingiti cha chumba kile. Alifika mlangoni, akasikia, "Febronia, lete maji." Alimwaga maji kwenye ndoo ya kudekia, akaandika vema, akaondoka mbio. Hata nyumbani hakupata amani. Mama alipomimina maji sufuriani, Tecla alisikia jina lile katika mlio wake, akaacha chakula chake nusu.

Jumatano alasiri hali ya Bibi Rozalia ilibadilika. Hakumwita Febronia peke yake sasa. Aliongea na mume wake na dada zake, wote waliokwisha kuzikwa, akiwakaribisha kitandani mmoja mmoja. Midomo ilikuwa imepasuka. Wahudumu walianza kunong'ona na kufanya ishara ya msalaba.

Alhamisi asubuhi alifika Kwizera, mtoto wa kaka yake, kutoka Mugoma. Alisimama kando ya kitanda akamsikiliza shangazi yake, kisha akatoka nje akifuta macho.

"Wenzake wamekuja kumchukua, Sista," alisema. "Naomba nimrudishe akafie nyumbani. Gari nitalileta saa sita."

"Twende naye kwanza hospitali ya wilaya."

"Hospitali wataponya kuitwa na wafu?"

Sista Marsiana alikuwa amempima malaria, hakuwa nayo. Alisimama mbele ya karatasi ya mlangoni, kidole kikishuka mstari kwa mstari. "Maji anakunywa vizuri," alisema polepole. "Kikombe kizima, mara tatu kila siku. Basi maji siyo sababu. Sijui ni nini."

Tecla alikuwa hatua tatu nyuma yake na jagi mkononi. Alizijua alama zile: tisa za siku tatu, na moja ya asubuhi ile. Miguu ilimwambia akimbilie nyumbani. Lakini gari lingekuja saa sita, na bibi angeondoka na ule uongo, akafe nao.

"Sista," alisema. "Sista, hajanywa."

"Nani hajanywa?"

"Bibi. Hajanywa hata kikombe kimoja tangu Jumatatu. Mimi nimemwaga. Alikataa, nikaona haya kusema. Halafu nikamwogopa Febronia." Machozi yalimtoka, akaacha yatoke.

Uso wa Sista ulibadilika rangi. Tecla alingoja kofi au kelele, lakini havikuja. "Mama Tecla, niletee dripu haraka!" Sista aliita. Kisha akamgeukia Kwizera. "Mwili ukikosa maji, akili huchanganyikiwa. Nipe mpaka jioni, ndugu yangu. Nakuomba."

Kwizera alikubali kwa shida. Dripu ilitundikwa, na Sista akajaribu kumnywesha bibi kwa kijiko. Bibi Rozalia, pamoja na udhaifu wote ule, alifumba midomo.

"Mbona uji wa mama Tecla anakunywa?" Sista alishangaa.

Kutoka chumba cha pili ilisikika sauti ya Mzee Bigirimana, kipofu ambaye mdomo wake haukupata likizo. "Huyo Priscila huonja kwanza, anapima moto. Namsikia anavyofyonza. Hayo maji yenu nani ameonja?"

Watu wakatazamana.

"Kwetu humpi mtu mzima kinywaji ambacho wewe hujakionja mbele yake," mzee aliendelea. "Atajuaje kama hukuweka sumu? Mimi nimekaa machimboni miaka mingi, ninakunywa chochote. Rozalia alilelewa."

Tecla alihisi aibu mpya. Mara ngapi alikuwa amemwona babu yake akionja rubisi kabla ya kumpa mgeni! Alidhani ni mambo ya pombe na sherehe tu. Sista naye alitoka mbali, hakujua.

Sista alijaza vikombe viwili kutoka jagi lile lile, akampa Tecla kimoja, maana wagonjwa hawachangii kikombe. Tecla alivuka kizingiti. Macho ya bibi yalikuwa bado juu ya bega lake, lakini hakugeuka.

"Nimeonja, bibi," alisema baada ya kunywa. "Karibu."

Bibi Rozalia alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akafungua midomo, akanywa. Akanywa tena, kwa pupa, akishika mkono wa Tecla kwa vidole vikavu.

Ilipofika jioni bibi alimtambua Kwizera, akamwuliza kama maharage yamevunwa. Gari lilirudi Mugoma bila yeye. Kufikia Jumamosi hakuna tena aliyesimama mlangoni.

Siku hiyo Sista Marsiana alimketisha Tecla barazani, akampa ile karatasi na kalamu. Tecla alikata alama zote kumi, na kando ya kila moja akaandika, "Hakunywa." Kazi ile ilimchosha kuliko kulima.

"Kuogopa si kosa," Sista alisema. "Kushindwa nako si kosa, ungeniambia tungetafuta njia. Lakini mimi huwatibu wazee hawa kwa kuamini kilichoandikwa mlangoni. Ukiandika uongo, umenifumba macho, na mgonjwa ndiye anayeumia. Umenielewa?"

"Ndiyo, Sista. Lakini Febronia… kweli alikuwepo?"

Sista alitazama bondeni, ambako ukungu ulikuwa umeanza kupanda.

"Hilo sijui, mwanangu. Ninachojua ni kwamba mama wa watu alikuwa na kiu. Alimwomba maji marehemu, kwa sababu sisi tulio hai tulikuwa tumeandika kwamba amekwisha kunywa."