Mrija wa Ukweni

Siku Ereng alipomchomea Clotilde kitenge, soko la Kakuma lilikuwa limefurika watu, pa kuweka mguu hakuna. Kijana alikuwa akichomelea mlango wa duka, cheche zikaruka hadi kibanda cha jirani na kutua kwenye kitenge cha kijani kilichoning'inia nje. Matundu saba!

"Wewe! Una macho au una vifungo vya shati?" Clotilde alitoka, mikono kiunoni, kilemba kimekaa upande.

Ereng akavua miwani yake myeusi. "Ejok, mrembo."

"Anachoma nguo halafu anasalimia!"

"Nakinunua. Ukivae wewe, niwe nikiona kazi yangu."

Clotilde akacheka bila kupenda. Basi, ikaanza hivyo. Ereng Mturkana mwenyeji wa Lodwar, Clotilde Mrundi aliyelelewa kambini na Nestor, baba yake mdogo. Simu asubuhi, simu jioni, "umekula, sheri?", "nimekula nini na wewe hupo?"

Wiki ya tatu Ereng akamwambia ukweli wote. "Mimi ni mlevi."

"Ulikuwa."

"Hapana. Ni mlevi ambaye leo hajakunywa. Kila Alhamisi narudi Lodwar, tunakaa walevi wenzangu kwa Lokiru, mwenzetu aliyetutangulia kuacha, tunaambiana ukweli. Siku nikishindwa hapo, nimekwisha."

"Nitakushika mkono," Clotilde akasema, na alikuwa anamaanisha. Mapenzi hayakuwa shida. Shida ilikuwa aibu, na hapo ndipo hasira yangu mimi ninayesimulia inapoanzia.

Kwao Warundi, mchumba akija kuposa, mtungi wa pombe ya mtama huwekwa katikati na mkwe huvuta mrija mmoja na wazee. Kukataa mrija ni kuwaambia, "Nyinyi ni adui zangu." Clotilde alijua. Aliapa atazungumza na Baba Nestor mapema. Wiki zikapita, mdomo ukawa mzito.

Jumamosi ikafika. Ereng akaja na wazee wake wawili, shati jeupe, shanga za mama yake shingoni, miezi minane bila tone. Baba Nestor, macho mekundu tangu asubuhi, koti la suti mwilini kwenye joto lile, akamsogezea mrija. "Mkwe, vuta."

Ereng akamtazama Clotilde. Nyumba nzima ikamtazama Ereng.

"Baba, anameza dawa za malaria," Clotilde akaropoka.

"Ah! Basi mrudi Jumamosi ijayo, dawa zikiisha," mzee akasema.

Nyuma ya nyumba ugomvi ukawaka.

"Malaria, Clotilde?"

"Ningesema nini mbele ya wageni?"

"Ukweli! Uliniapia!"

"Jishushe, sheri wangu. Jumamosi gusisha midomo tu. Kidogo tu."

"Kidogo tu ndiyo ilimzika kaka yangu!"

"Mwanaume mzima anaogopa mrija!"

Ereng akaondoka, akarudi Lodwar siku ileile.

Kidogo tu! Laiti ningewapata wote wanaosema neno hilo. Aliyevunjika mguu haambiwi acheze kidogo tu. Lakini aliyeacha pombe, kila harusi ni kidogo tu, kila msiba ni kidogo tu, na akianguka haohao ndio wa kwanza kusema, "Si tulijua!"

Jumanne, saa tisa mchana, jua la Lodwar likipasua vichwa, Ereng alikuwa amesimama nje ya mlango wa mama pima, muuza chang'aa. Kwa Lokiru walikuwa na sheria moja: piga simu kabla ya kugusa kikombe. Akampigia Lokiru. Hapatikani, ameenda Kaaleng kusiko na mtandao. Akampigia Clotilde.

Clotilde akaliona jina. "Na abembeleze kwanza," akasema, akailaza simu kifudifudi. Ikaita tena. Ikaita mara ya tatu.

Ereng akaingia.

Jumatano ndipo Lokiru alipompigia. "Wewe ndiye Clotilde? Jana Ereng alikupigia akiwa mlangoni pa pombe. Sikulaumu, dada. Kikombe alikishika yeye, na simu yangu pia haikupatikana. Ila ujue alikuwa anakupigia kwa nini."

Clotilde akakaa chini, palepale kwenye mchanga, akalia kwa kujichukia. Halafu akanyanyuka, akaenda moja kwa moja kwa Baba Nestor.

"Baba, Ereng hana malaria. Ni mlevi aliyeacha. Nilikudanganya."

"Unaniletea mlevi nyumbani?"

"Nakuletea mwanaume aliyekataa mrija watu wote wakimwangalia. Nani mwingine humu anaweza?"

"Bila mtungi hakuna ndoa! Mila ni mila!"

"Tulitoka Ruyigi kwa miguu, baba. Tuliacha ng'ombe, tukaacha nyumba, tukaacha makaburi. Mtungi tu ndio umetushinda kuuacha?"

Mzee akageuza uso.

Alhamisi Clotilde alikuwa Lodwar, amevaa kile kitenge cha kijani, matundu saba na viraka saba. Akamkuta Ereng nje ya chumba cha mkutano kwa Lokiru, midomo imekauka.

"Rudi kwenu, Clotilde. Nimeanza upya."

"Nimekuja kukugombeza! Kwa nini ulipiga mara tatu tu? Ungepiga mia!"

"Na wewe kwa nini hukupokea?"

"Kiburi! Kiburi changu cha kijinga!" Machozi yakamtoka. "Nisamehe."

"Siwezi kukuahidi kwamba sitaanguka tena."

"Sitaki ahadi. Nataka simu. Nitapokea hata nikiwa nimekasirika. Hasa nikiwa nimekasirika."

Ereng akakigusa kiraka kimoja begani mwake. Kabla hajasema kitu, simu ya Clotilde ikalia. Baba Nestor. Clotilde akaweka sauti ya nje.

"Huyo Mturkana wako yupo hapo?" mzee akafoka.

"Nipo, baba."

"Jumamosi mje. Mtungi nimeutoa nje. Sijui wazee wenzangu nitawaambia nini!"

Clotilde akamshika Ereng mkono kwa nguvu.

"Baba, kabla sijaja, ujue. Juzi nilikunywa. Jumamosi itakuwa siku ya nne bila tone."

Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa.

"Nne," mzee akasema, sauti imeshuka. "Mimi sijawahi kufikisha mbili. Njoo, mwanangu. Uje uniambie unafanyaje."