Pete ya Chuma Ukutani

Kila alipotoka shule, Advera alipitia kwa jirani yao, Bi Zuwena, kumchotea maji. Bibi huyo aliishi peke yake katika nyumba kuukuu ya udongo katika mtaa wa Cheyo, na magoti yake hayakuweza tena safari za bombani.

Wiki hiyo Mwalimu Silasi alikuwa ametangaza maonyesho ya picha za sehemu zilizosahaulika mjini Tabora. Kila mwanafunzi wa darasa la sita alete picha moja na maelezo yake, na wageni waalikwa wangechagua moja ya kupelekwa kwenye maonyesho ya mkoa. Advera aliazima simu ya mama yake, akapiga picha pete nene ya chuma iliyopachikwa kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba ya Bi Zuwena. Tabora, chuma chochote chenye kutu watu hudhani ni cha misafara ya zamani ya watumwa, naye hakuona haja ya kuuliza. Akaandika: "Hapa watumwa walifungwa minyororo wakipelekwa pwani."

Picha zilipotundikwa darasani, wanafunzi walijazana mbele ya yake, naye akavimba kichwa. Kufikia jioni, maneno yalikuwa yameenea mtaani kwamba Bi Zuwena ni wa ukoo wa wauza watumwa.

Siku hiyo Bi Zuwena hakumkaribisha ndani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nenda tu nyumbani leo. Watoto wamepita hapa wakiniita binti wa mfunga watu. Baba yangu alifunga punda pale. Aliwapelekea watu maji kwa punda, mtaa huu wote, kabla ya mabomba. Unaingia humu kila siku, Advera. Nini kilikushinda kuniuliza?"

Advera aligeuka kurudi nyumbani. Aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga.

Asubuhi, kabla wageni hawajafika, alimweleza Mwalimu Silasi yote.

"Ukibadilisha maelezo, huenda picha yako isichaguliwe," mwalimu alimwambia.

"Najua, mwalimu. Lakini bibi anasemwa vibaya kwa sababu yangu."

Aliandika upya. Mwalimu akatuma mtu amwite Bi Zuwena, naye bibi akaketishwa mbele. Advera alisimama mbele ya wageni.

"Niliandika uongo. Pete hii ilikuwa ya kufungia punda wa maji. Bibi, naomba unisamehe."

Wageni walichagua picha ya Awadhi, ya behewa bovu la reli lililoota nyasi. Advera aliumia, wala hakuficha.

"Watumwa walipita kweli hapa Tabora," Mwalimu Silasi aliwaambia wanafunzi, "na mateso yao ni ya kukumbukwa. Ndiyo maana hatuyabuni. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumsemea mtu aliye hai, na mlango wake uko wazi."

Bi Zuwena aliinuka polepole, akaisogelea picha, akasoma maelezo mapya hadi mwisho.

"Hujamaliza, mjukuu wangu," alisema. "Punda mmoja tulimwita Bwana Shauri, kama watu walivyomwita yule mkuu wa wilaya Mzungu wakati wa ukoloni, kwa sababu alipenda kuheshimiwa na mzigo hataki. Andika na hilo."

Advera akachukua kalamu. Bibi alisimama hapo hapo kando yake, akimtajia neno kwa neno, mpaka Advera alipoweka nukta.